Ujenzi wa Sanduku la Kiota cha Nyuki Wasiouma: Kutoka Maumbile ya Kiota hadi Vipimo vya Mbao

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kujenga sanduku la kiota linalofaa kuwekwa uani kwa ajili ya nyuki wasiouma wa Afrika Mashariki, pamoja na sababu za kibiolojia zinazotawala kila kipimo na kila tundu la sanduku hilo. Hoja kuu ni kwamba sanduku la nyuki wasiouma si mzinga wa kawaida uliopunguzwa ukubwa. Malkia wa nyuki hawa akishaanza kutaga hawezi kuruka, na kwa hiyo kundi haliwezi kuhama kiota kinapovunjwa. Sanduku ambalo halikuzingatia jambo hilo huwa kaburi la kundi lililokusudiwa kuokolewa. Makala yanajadili maumbile ya kiota, uchaguzi wa mbao, vipimo, mpangilio wa ghorofa, uhamishaji wa kundi, udhibiti wa maadui, uvunaji na mipaka ya njia hii.

1.0 Utangulizi

Neno nyuki linapotajwa katika Afrika Mashariki, wengi humfikiria nyuki wa asali, Apis mellifera, ambaye ndiye hasa anayelengwa na elimu ya ugani na teknolojia ya mizinga. Hata hivyo, katika nyufa za viambaza, mashimo ya miti, vichuguu na ardhini huishi nyuki wengine wa kijamii wanaojulikana kwa Kiswahili kama nyuki wadogo au nyuki wasiouma. Kisayansi nyuki hawa huwekwa katika kabila la Meliponini, lenye zaidi ya spishi 500 katika nchi za joto duniani. Wana mwiba, lakini mwiba huo umedumaa kiasi kwamba hauwezi kudunga.

Asali yao imetumika kwa muda mrefu kama chakula na kama dawa ya kifua katika jamii nyingi. Aidha, nyuki hawa ni wachavushaji wa mazao. Utafiti uliofanyika Kakamega, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2014 ulionesha kuwa uchavushaji wa Hypotrigona gribodoi huboresha matunda ya pilipili. Kwa kuwa hawadungi, wanaweza kukaa karibu na watoto na mifugo bila hatari, sifa inayowafanya wafae kufugwa uani kuliko nyuki wa asali.

Tatizo ni kwamba njia iliyozoeleka ya kupata asali yao ni ya uharibifu. Mti hukatwa au hupasuliwa, vyungu vya asali hutolewa, na majana huachwa chini yakiliwa na sisimizi. Vilevile, nyumba ya udongo inapobomolewa ili kupisha nyumba ya matofali, makundi yaliyokaa ndani ya kiambaza kwa miaka hupotea pamoja na kifusi. Sanduku la kiota ni jibu mojawapo la tatizo hilo, mradi lijengwe kwa kufuata maumbile ya nyuki wenyewe.

2.0 Spishi zinazohusika

Si kila nyuki asiyeuma anafaa kuwekwa katika sanduku. Hypotrigona gribodoi, mwenye mwili wa milimita 2 hadi 3, hukaa katika nyufa za kuta, mashimo membamba ya miti na hata ndani ya fremu za milango. Huyu ndiye anayepatikana kwa urahisi karibu na makazi ya watu. Meliponula ferruginea na Meliponula bocandei ni wakubwa zaidi na aghalabu hukaa katika mashimo ya miti, hivyo huhitaji nafasi kubwa zaidi.

Kwa upande mwingine, Plebeina hildebrandti hujenga ndani ya vichuguu vya mchwa, nao Meliponula lendliana hukaa ardhini. Dactylurina schmidti wa ukanda wa pwani hujenga kiota kinachoning'inia wazi chini ya tawi. Mazingira ya viota hivi hayaigwi kwa urahisi na sanduku la mbao. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya ujenzi ni kumtambua nyuki, kwa kuwa vipimo vya sanduku hutokana na utambuzi huo.

3.0 Misingi ya kibiolojia ya sanduku

Tabia nne za nyuki wasiouma ndizo zinazoamua umbo la sanduku.

Kwanza, malkia hahami. Kwa nyuki wa asali, malkia mzee huruka pamoja na kundi linapogawanyika, na kundi zima linaweza kuhama likisumbuliwa. Kwa nyuki wasiouma hali ni kinyume. Tumbo la malkia anayetaga huvimba kwa mayai hadi akashindwa kuruka. Kundi jipya huanzishwa na malkia mwali, baada ya nyuki vibarua kutafuta kiota kipya na kusafirisha nta, utomvu na asali kidogo kidogo kutoka kiota mama. Safari hizo zinaweza kuendelea kwa siku au majuma. Kwa hiyo kiota mama kikivunjwa, malkia hana pa kukimbilia.

Pili, majana hulishwa mara moja tu. Nyuki vibarua hujaza kijumba kwa chakula cha majimaji, malkia hutaga yai juu ya chakula hicho, kisha kijumba huzibwa. Yai husimama juu ya majimaji hayo. Kijumba kikipinduliwa, yai au buu changa huzama na kufa. Kanuni ya kutogeuza masega juu chini, ambayo wafugaji wengi huifuata kama desturi, inatokana na jambo hili.

Tatu, asali haihifadhiwi katika masega ya majana. Huwekwa katika vyungu vidogo vilivyofinyangwa kwa nta iliyochanganywa na utomvu wa miti, na chavua huwekwa katika vyungu vya namna hiyo. Katika Meliponula ferruginea majana hupangwa katika masega ya mlalo yanayopandana, ilhali katika Hypotrigona vijumba hukusanyika kama kishada. Utengano huo wa asili unamwezesha fundi kuweka chumba cha asali mbali na chumba cha majana, hivyo kuvuna bila kuligusa tumbo la kiota.

Nne, ulinzi wa kundi hutegemea mlango. Kwa kuwa hawawezi kudunga, nyuki hawa hulinda kiota kwa kujenga mlango mwembamba wa nta na utomvu, kuweka walinzi mdomoni mwake na kuziba kila ufa. Sanduku lenye mianya hulazimisha kundi kutumia nguvu zake katika kuziba badala ya kukusanya chakula.

4.0 Ujenzi wa sanduku

4.1 Chimbuko la muundo

Muundo wa ghorofa unaotumika sehemu nyingi duniani una chimbuko la Kiafrika. Mwaka 1955, Virgílio de Portugal-Araújo alichapisha nchini Angola maelezo ya mzinga wa nyuki wasiouma wenye sehemu zinazopandana. Muundo huo baadaye uliendelezwa nchini Brazili. Katika Afrika Mashariki, kituo cha icipe kilichopo Nairobi kimeshirikiana na wafugaji wa maeneo ya Msitu wa Kakamega katika ufugaji wa nyuki hawa kwa kutumia mizinga ya mbao. Sanduku linaloelezwa hapa linafuata kanuni hiyo ya ghorofa.

4.2 Mbao

Mbao zinapaswa kuwa kavu, nene na zisizotiwa dawa ya kuua wadudu. Sharti la mwisho ni zito kuliko yote, kwa kuwa mbao nyingi zinazouzwa kwa ajili ya paa huwa zimetiwa dawa ya mchwa. Unene wa sentimita 4 hupunguza mabadiliko ya joto kati ya mchana na usiku. Unene huo una maana kubwa zaidi katika nyanda za juu zenye baridi na katika maeneo ambako jua la mchana ni kali. Uso wa ndani huachwa bila kupigwa randa wala rangi, kwa sababu nta hushika vizuri juu ya mbao yenye mikwaruzo. Rangi ya maji au mafuta ya kitani inaweza kupakwa nje tu, na sanduku liachwe hadi harufu iishe.

4.3 Vipimo

Kanuni inayofaa ni kwamba nafasi ya ndani ikaribiane na ujazo wa kiota cha asili cha spishi husika. Nafasi kubwa kupita kiasi humfanya nyuki ashindwe kutunza joto la majana na kulinda pembe zilizo tupu, na nafasi ndogo huzuia akiba ya chakula. Pale ambapo kundi linatolewa katika gogo, ni vyema kupima upana na urefu wa shimo kabla ya kukata mbao.

Kwa nyuki wa ukubwa wa Meliponula ferruginea, mfano wa kuanzia ni ghorofa mbili za majana zenye upana wa ndani wa sentimita 15 kwa 15 na kimo cha sentimita 8, na ghorofa moja ya asali yenye upana huohuo na kimo cha sentimita 5. Kila ghorofa ya majana huwa na ujazo wa lita 1.8, na ya asali lita 1.1 hivi, jumla ikiwa karibu lita 4.7. Kwa mbao ya sentimita 4, kila ghorofa huhitaji vipande viwili vya urefu wa sentimita 23 na viwili vya sentimita 15. Sakafu na mfuniko huwa na sentimita 23 kwa 23. Kwa Hypotrigona, ghorofa tatu za sentimita 8 kwa 8 zenye kimo cha sentimita 6 hutoa lita 1.15 hivi, na zinatosha kwa kuanzia.

4.4 Mpangilio wa ghorofa

Ghorofa ya chini hufungwa kwenye sakafu. Ghorofa ya pili huwekwa juu yake bila sakafu kamili, bali huwa na vipande vya pembetatu katika pembe zake nne, vinavyoacha uwazi mpana katikati. Masega ya majana hupanda kupitia uwazi huo, na vipande vya pembeni huyashikilia ghorofa hiyo inapoinuliwa. Uwazi huu ndio unaowezesha kundi kugawanywa baadaye bila kukata majana kwa kisu.

Kati ya ghorofa ya pili na ile ya asali huwekwa ubao mwembamba ulioacha mianya miwili ya upana wa sentimita 1 hivi katika pande mbili. Nyuki vibarua hupita hapo na kujenga vyungu vya asali juu, lakini masega ya majana hayana nafasi ya kupanda. Juu ya ghorofa ya asali inafaa kuweka karatasi ngumu ya plastiki angavu kabla ya mfuniko, ili mfugaji aweze kutazama ndani bila kuvunja nta.

Ghorofa huunganishwa kwa kamba, mpira au ndoano za nje, si kwa misumari. Misumari huleta mtikisiko kila sanduku linapofunguliwa, na mtikisiko huo huvunja vyungu.

4.5 Mlango na hewa

Tundu la mlango hutobolewa kwa keekee katika ghorofa ya chini, likiwa na kipenyo cha milimita 6 hadi 8 kwa Hypotrigona na milimita 12 hivi kwa Meliponula. Si lazima kipimo kiwe kamili, kwani nyuki watalipunguza wenyewe kwa nta. Tundu hutobolewa kwa mwinamo mdogo kuelekea nje ili maji ya mvua yasiingie. Tundu la pili la hewa, la milimita chache, linaweza kuwekwa juu upande wa nyuma na kufunikwa kwa wavu laini. Nyuki wataliziba au kuliacha kulingana na mahitaji yao.

5.0 Kuingiza kundi katika sanduku

Kundi lililo katika mti mzima wenye afya au katika msitu halipaswi kuondolewa. Makundi yanayostahili kuhamishwa ni yale yaliyo hatarini, yakiwemo yaliyomo katika mti ulioanguka, gogo la kuni au nyumba inayotarajiwa kubomolewa. Njia mbili zinajadiliwa hapa.

Njia ya kwanza ni ya moja kwa moja. Gogo hupasuliwa asubuhi yenye joto la wastani, kwa uangalifu usioponda katikati ya shimo. Majana hutolewa kwa kijiko kipana na kuwekwa katika sanduku yakiwa katika mkao uleule yaliokuwa nao, yakitenganishwa na sakafu kwa vijiti vidogo vya nta ili nyuki wapite chini yake. Malkia, anayetambulika kwa tumbo lake refu lililovimba, hasogezwi kwa vidole bali huachwa apande juu ya kipande cha sega. Vyungu vizima vya asali na chavua vinaweza kuhamishwa, lakini vilivyopasuka havihamishwi kabisa, kwa kuwa harufu yake huwaita nzi na sisimizi. Nta ya mlango wa zamani hubandikwa kwenye mlango mpya. Kisha sanduku huwekwa mahali palepale gogo lilipokuwa, tundu likitazama upande uleule, ili nyuki waliokuwa malishoni warudi nyumbani.

Njia ya pili inafaa kwa kundi lililo ndani ya kiambaza ambacho bado kinatumika. Sanduku tupu lililopakwa nta na utomvu wa nyuki wa spishi ileile huunganishwa na mlango wa kiota kwa mpira mwembamba, hivi kwamba nyuki wote hulazimika kupita ndani ya sanduku kabla ya kutoka nje. Kadiri muda unavyopita, vibarua huanza kujenga na kuhifadhi chakula humo, na malkia mwali anaweza kuanzisha kundi jipya. Njia hii inafuata namna ambavyo nyuki wasiouma hugawanyika kwa asili. Huchukua miezi, na haina uhakika wa kufanikiwa kila mara, lakini kiota mama hubaki kizima katika muda wote huo.

6.0 Mahali pa kuweka na maadui

Sanduku linafaa kuwekwa chini ya upenu au chini ya mti wa kivuli, likipata jua la asubuhi na kukingwa na jua la alasiri na mvua. Kwa kuwa nyuki wenye mwili mdogo hawaruki mbali, mimea ya maua inapaswa kuwa karibu. Sanduku likishawekwa halisogezwi ovyo. Likihamishwa umbali mfupi, nyuki wa malishoni hurudi mahali pa zamani na kupotea.

Sisimizi na siafu huzuiwa kwa kuweka sanduku juu ya nguzo yenye kikombe cha mafuta machafu au mkanda wa grisi, na kwa kukata matawi yanayogusa sanduku. Hatari kubwa zaidi katika majuma ya kwanza ni nzi wadogo wa jamii ya foridi, ambao hutaga mayai katika chavua iliyo wazi na katika majana yaliyojeruhiwa. Mabuu yao yanaweza kuliangamiza kundi kwa siku chache. Mtego rahisi ni kichupa chenye siki kilichotobolewa tundu dogo ambalo nzi hupita. Mbawakavu mdogo wa mizinga, Aethina tumida, naye hushambulia makundi dhaifu. Kinga ya maadui hawa wote inaanzia katika ujenzi. Viungo vikiwa vimebana, na mianya iliyobaki ikizibwa kwa udongo au utepe siku ya uhamisho, kundi hubaki na mlango mmoja tu wa kulinda.

7.0 Uvunaji na ugawaji

Asali huvunwa katika ghorofa ya juu pekee, baada ya msimu wa maua na si kabla ya kiangazi kirefu ambacho nyuki watahitaji akiba yao. Vyungu hutobolewa na asali hufyonzwa kwa bomba la sindano safi, au ghorofa huondolewa na kuinamishwa juu ya chujio. Asali hii huwa na maji mengi kuliko ya nyuki wa asali. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka asali ya kawaida isizidi asilimia 20 ya maji, kiwango ambacho asali ya nyuki wasiouma hukizidi mara nyingi. Kwa hiyo huchacha upesi na inapaswa kuhifadhiwa mahali pa baridi.

Kundi lililojaza ghorofa zote linaweza kugawanywa. Majana yaliyokomaa, yenye rangi hafifu kwa kuwa vibarua wameondoa nta iliyoyafunika, hupewa sanduku jipya, ikiwezekana pamoja na kijumba kikubwa cha malkia. Majana mapya yenye rangi nzito hubaki na malkia mzee. Sanduku jipya huwekwa mahali pa lile la zamani ili lipokee nyuki wa malishoni, na la zamani husogezwa mita kadhaa. Ugawaji haupaswi kufanywa mara kwa mara. Nyuki kibarua wa asali hukamilika kwa siku 21 tangu yai kutagwa, ilhali nyuki asiyeuma kwa kawaida huhitaji zaidi ya mwezi mmoja, na hivyo kundi lililopoteza majana hurejea polepole.

8.0 Mipaka ya njia hii

Sanduku haliwezi kuwa mbadala wa miti mikongwe yenye mashimo. Halisaidii spishi za ardhini na za vichuguu, wala halisaidii nyuki wanaoishi peke yao, kama vile nyuki wanaotoboa mbao wa jenasi Xylocopa, ambao huhitaji miti mikavu na mianzi. Aidha, sanduku linaweza kugeuka chanzo cha uharibifu iwapo soko la makundi litawafanya watu wapasue miti msituni ili kujaza masanduku. Kigezo cha mafanikio kwa hiyo si idadi ya masanduku yaliyojengwa, bali ni makundi yaliyookolewa na yale yaliyozalishwa kwa ugawaji bila kuvunja kiota kipya.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa kila sehemu ya sanduku la nyuki wasiouma ina sababu katika maisha ya kiota. Unene wa mbao unahusu joto la majana; uwazi wa katikati unahusu namna masega yanavyopanda; mianya ya pembeni inahusu utengano wa asali na majana; mlango mwembamba unahusu ulinzi wa nyuki asiye na mwiba wa kudunga. Juu ya yote hayo kuna malkia asiyeweza kuruka. Fundi seremala na mfugaji wanaolifahamu jambo hilo hupima kabla ya kukata, huhamisha bila kupindua na huvuna bila kubomoa. Inapendekezwa kwamba elimu ya ugani kuhusu nyuki iwahusishe mafundi wa ujenzi wa vijijini, kwa kuwa wao ndio huwa wa kwanza kukutana na makundi haya wanapobomoa kiambaza cha zamani.